Safari ya Kumtembeza Shangazi

Jumatatu, 3 Februari

Shangazi, shikamoo. Dada, hujambo.

Dada, msomee Shangazi polepole na usiruke maneno. Najua unavyosoma cherehani ikiwa inakusubiri.

Nimepewa likizo. Bosi wa maabara alinuna kidogo, akasema nani atamalizia meno ya wateja, lakini amekubali. Kwa hiyo tarehe ishirini Machi, Shangazi, utatimiza miaka sabini na mitano ukiwa hapa kwangu, na Jumamosi yake tutatoka nje ya jiji. Wewe uliyetusimulia habari za wafalme na vita mpaka tukasahau kula, hujawahi kuona hata jiwe moja la hao wafalme. Aibu ni yetu.

Chini ya jengo letu kuna ofisi ya safari. Dada wa pale amenipa kijitabu. Safari ziko tatu, zote zinaondoka saa moja asubuhi na kurudi jioni, na kila moja ina mwongozaji na chakula cha mchana. Ya kwanza inakwenda Ngome ya Kale, kule mlimani. Ya pili ni karakana ya reli, ambako mnapandishwa behewa la zamani linalovutwa na garimoshi la makaa. Ya tatu ni Gereza la Kale, siku hizi makumbusho. Dada wa ofisini anasema hiyo ndiyo inayopendwa kuliko zote, kwa sababu anayewazungusha watu ni mtu aliyefungwa humo mwenyewe.

Magoti ya Shangazi yanataka safari moja tu, kwa hiyo tusikosee. Nitazionja mwenyewe kwanza. Niambieni mnaegemea wapi.

Kijino wenu

*

Jumatatu, 10 Februari

Kijino,

Marahaba, anasema Shangazi. Meno uliyomtengenezea yamemkaa vizuri, ila akicheka yanagonga, na barua yako imemgongesha sana.

Nilipofika kwenye gereza aliniambia nirudie. Nikarudia. Kisha akasema niandike hivi, neno kwa neno: "Ngome au garimoshi. Gereza hapana. Mtu hatoki kwake kwenda kutazama kufuli."

Nami naongeza langu. Gereza si mahali pa kumpeleka mtu mzima siku yake ya furaha. Chagua kati ya hizo mbili, tumalize.

Mimi nimezama kwenye mapazia ya ukumbi wa halmashauri, madirisha arobaini, na aliyepima ameandika namba kama anaandika kwa mguu.

Dada yako

*

Jumatatu, 17 Februari

Shangazi, shikamoo. Dada,

Ngome haifai. Nimepanda ngazi mia mbili na kumi na nne. Kwenye ya sitini mzee mmoja wa kundi letu alikaa chini, akafungua chakula chake, akamwambia mwongozaji, "Nisalimieni huko juu." Upepo wa kule unang'oa kilemba. Shangazi tungembeba mgongoni.

Garimoshi nalo limekufa. Tulikwenda jana Jumapili, tukakuta wameshusha bwela, lile pipa la kuchemshia maji ya mvuke, mafundi wako chini ya kichwa cha garimoshi, miguu tu inaonekana. Tukaonyeshwa picha za garimoshi likitembea. Nililalamika ofisini leo asubuhi, na wakanipa nafasi ya bure Jumamosi hii kwenye gereza.

Shangazi, usinune kabla sijamaliza. Kule ni tambarare, kuna mabenchi kila ukumbi, na choo kiko karibu. Naenda kutazama tu. Nikiona pana huzuni nyingi, nitaomba tufanyiwe sherehe nyumbani na habari iishe.

Kijino

*

Ijumaa, 21 Februari

Kijino,

Usiende.

Nakuandikia nikiwa nimesimama kaunta ya posta. Ningekuwa na njia ya haraka kuliko hii ningeitumia. Shangazi hajala tangu jana nilipomsomea barua yako, na sababu siwezi kuieleza hapa. Kaa nyumbani Jumamosi. Fua nguo, lala, fanya lolote.

Dada yako

*

Jumapili, 23 Februari

Dada,

Barua hii usimsomee Shangazi. Ikifika mkiwa pamoja, sema ni ya mteja wa mapazia. Ingia chumbani kwako, funga mlango, kaa kitandani.

Nimekwishachana karatasi tatu. Nitaeleza kama ilivyokuwa, nikianza kulia nitapoteza mpangilio.

Tulikuwa kumi na nane kwenye basi. Getini tulipokelewa na mwongozaji, mwanamke anayekaribia sabini, mfupi, viatu vya kamba, funguo kiunoni. Akasema, "Karibuni kwangu, samahani sikufagia." Watu wakacheka, naye akacheka, nami nikamtazama mdomoni kama ninavyomtazama kila mtu. Ni ugonjwa wa kazi.

Dada, hana yale meno mawili ya pembeni ya juu. Hayakung'olewa. Hayakuota kabisa, na chonge zake zimesogea mbele kujaza nafasi. Ni hivyo hivyo nilivyo mimi, na ndiyo maana Shangazi akaniita Kijino. Hayo hayatokei hivi hivi tu. Kila nikikutana na mteja wa namna hiyo nikiuliza, naambiwa mama yake au bibi yake ni vile vile. Hata hivyo nikajiambia, duniani kuna watu wengi, tembea.

Tukaingia chumba cha tisa, upande wa wanawake. Mkeka uko chini mpaka leo. Akatukalisha, akasimulia bila kupandisha sauti. Mume wake alikuwa akimpiga. Siku moja alipomgeukia mtoto, yeye akachukua mchi. Akasema, "Sikukusudia afe. Nilikusudia aache." Akafungwa miaka kumi na minne, akiwa na binti wa miaka sita na mimba tumboni. Mtoto wa pili akamzaa juu ya mkeka ule, na aliyempokea alikuwa askari jela, mwanamke, ambaye zamu yake ilikuwa imeshaisha lakini akabaki. Askari huyo ndiye aliyekuwa akimlea yule binti mkubwa nyumbani kwake. Mtoto alipofika miaka miwili, kanuni ilimtaka atoke. Akasema, "Nilitia saini. Nikamwambia nitunzie, nikitoka nitawafuata. Akasema sawa." Alipotoka, askari alikuwa ameacha kazi, na hakuna aliyekubali kumwambia alikohamia. Miaka ishirini na tisa anawatafuta.

Kisha akatuonyesha picha ukutani. Askari kijana amebeba mtoto, anacheka. Mtu mmoja akauliza jina lake nani. Akajibu, "Jina lake silitaji. Siku moja anaweza kuja, na sitaki afike akiwa ameshahukumiwa na mabasi."

Nikasogea. Jino la mbele la juu, la kushoto, limempanda mwenzake. La chini limevunjika pembe. Dada, meno yale nimeyashika. Kabla Shangazi hajang'olewa nilichukua nakala ya meno yake kwa plasta, na iko hapa rafuni kwangu, mbele yangu, naandika nikiitazama. Chini ya picha kuna mwaka tu. Ni mwaka niliozaliwa.

Unajua nilifanya nini? Sikufanya kitu. Bwana mmoja aliuliza kama mkeka ni ule ule au wa kununua. Mimi nilisimama kama nguzo. Tulipotoka, yule mama alituhesabu getini, mmoja mmoja, kwa kutugusa bega. Alinigusa akasema, "Kumi na saba." Nikapanda basi na boksi la chakula mapajani, sikulifungua.

Niambie nimekosea. Niandikie kwamba Shangazi ni dada wa baba, mama alikufa akinizaa, na mimi nimechoka na kazi.

Kijino

*

Alhamisi, 27 Februari

Kijino,

Hujakosea.

Nilikaa kitandani kama ulivyoniambia, nikawa sijui nitainuka vipi. Nianze na langu, ulijue kutoka kwangu. Nilijua Shangazi alikuwa askari jela. Nilijua ulizaliwa kule. Nilikuwa mtoto wa miaka sita, naishi kwenye nyumba za askari, na kila Jumapili nikipelekwa getini kumwona mama kupitia wavu. Nilimshika vidole. Baadaye Shangazi akaacha kazi, tukahamia huku, na nilipotimiza miaka minane akanikalisha jikoni akaniambia mama amekufa kwa homa. Akaniapisha nisikwambie ulikozaliwa, watoto wa shule wasije wakakucheka. Nikaapa. Nimekaa na kiapo hicho miaka arobaini na moja, nikidhani nakukinga.

Lakini kwamba yu hai, sikujua. Nakuapia kwa roho yangu, sikujua. Nilipofika kwenye maneno yako "Karibuni kwangu" nilidhani unasimulia mtu mwingine. Nimerudia ukurasa ule mara nne. Nimemlilia mama mfu tangu utotoni, kumbe anahesabu abiria.

Nilitaka kumficha Shangazi. Nilitoka chumbani nikasema ni barua ya mteja. Akasema, "Mteja gani anayekufanya uvae kiatu kimoja? Nisomee. Na usinisomee uongo." Nikamsomea yote, mpaka "kumi na saba". Hakulia. Aliomba maji, akaomba karatasi. Maneno yake yako kwenye bahasha hii hii.

Mimi na yeye hatujasemezana tangu nilipoweka kalamu chini. Nampa chakula, anasema ahsante, basi.

Dada yako

*

Alhamisi, 27 Februari

Kijino, mwanangu,

Dada yako anaandika, mimi nasema. Nimemkataza kulainisha.

Mimi si shangazi yenu. Baba yenu sikumjua, nilimwona kwenye faili tu. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, sikujaliwa mtoto, na kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga. Mama yako alinikabidhi dada yako kwa sababu hakuwa na mtu mwingine. Wewe nilikupokea kwa mikono hii. Siku ulipoletwa nyumbani kwangu uliniita Afande, maana hilo ndilo jina ulilomsikia mama yako akiniita. Ilinichukua mwezi mzima kukufundisha kusema Shangazi.

Niliacha kazi kwa sababu watoto wa pale waliwaita ninyi watoto wa jela. Hilo sijutii. Nilimwambia dada yako mama amekufa ili aache kusimama barabarani kila Jumapili akingoja kupelekwa. Nilijiambia akikua nitamsahihishia. Akakua.

Ulipokuwa na miaka kumi na minne ilikuja barua, ofisi ya magereza iliipitisha kwenye anwani yangu. Mama yako ametoka, anauliza mko wapi. Niliiweka chini ya godoro siku tisa. Siku ya kumi niliitia jikoni, kwenye makaa, nikapika juu yake, na ninyi mkala. Mwaka uliofuata ikaja nyingine, na mwaka mwingine ya tatu. Hizo sikuzifungua. Nazo nilizichoma.

Usitafute sababu kubwa. Sikuogopa sheria. Niliogopa mtaondoka.

Nilipowakataza gereza sikujua kama yuko pale. Niliogopa kuta tu. Sasa naomba unipeleke. Kama hutaki kunipeleka, nitaelewa.

Saini yangu imekwenda upande, ni macho.

Shangazi

*

Jumatano, 5 Machi

Dada,

Msije. Likizo nimeirudisha, bosi amefurahi.

Nimeisoma ya Shangazi nikiwa kazini, nikaangusha taya la plasta la mteja likapasuka vipande viwili. Nikampikia Shangazi uji katika akili yangu, nikamwuguza, nikamtetea, halafu nikakumbuka yale makaa. Nilikula chakula kile. Huenda hata niliomba niongezwe.

Wewe sijui nikuweke wapi. Ulimshika vidole. Mimi sikuwa na hata kidole, na ulinihurumia ukanyamaza. Nipe muda.

Jumamosi nitarudi kule. Nimemwandikia yule mama karatasi moja, yenye jina langu na lako na lile la askari, habari za zile barua tatu, na swali la nimfanyeje Shangazi. Nikishindwa kusema, nitamwachia.

Kijino

*

Jumatatu, 10 Machi

Mwanangu,

Nimeliandika neno hilo nikaliacha pale juu tangu asubuhi, nikaenda nikarudi, bado lipo.

Barua yako uliyoiacha dirisha la tiketi nililetewa nikiwa katikati ya kundi, chumba cha tisa. Niliifungua nikidhani ni orodha ya basi linalofuata. Nilikaa sakafuni. Watu wakadhani ni sehemu ya maelezo, mmoja akapiga picha. Nilipotoka mbio, mkata tiketi akasema umeondoka, na umesahau mwavuli.

Miaka tisa, tangu wafungue makumbusho haya, nasimulia habari zetu. Jumamosi mabasi mawili, sikukuu matatu. Nilikataa kazi nyingine kwa ajili hiyo. Nilifikiri mmoja atasikia, atamwambia mwenzake, naye amwambie mwingine, mpaka ikufikie kule uliko. Kwamba ungekata tiketi ukaja kukaa kwenye benchi langu halikunijia hata mara moja. Najaribu kukumbuka uso wako ile Jumamosi ya kwanza na sipati kitu. Nilikugusa bega nikakuhesabu, nikaenda kwa kumi na nane. Mtu anawezaje kumhesabu mwanawe asimjue? Najiuliza hilo nikifunga kila mlango.

Barua zangu tatu sikujua kama zilifika. Kumbe zilifika.

Unaniuliza umfanyeje Afande. Mwache aje, kama magoti yanamruhusu. Fujo sitafanya, umri wa fujo umenipita. Lakini hasira ninayo, usimdanganye kwamba sina. Dada yako mwambie namkumbuka alivyokuwa akipitisha vidole kwenye wavu, kidole cha kati kikikwama kila mara.

Wewe usijilazimishe. Mwavuli wako nimeutundika ofisini. Mimi nipo kila Jumamosi.

Mama yako

*

Jumapili, 23 Machi

Kijino,

Ahsante kwa kunipelekea barua ya Mama. Ahsante pia kwa kutokuja kutupokea stendi, maana ungekuja tungelia wote na tusingefika popote. Tumelala nyumba ya wageni, chumba chenye mapazia mafupi mno, nimeyashusha pindo mwenyewe.

Nilikata tiketi mbili kwa yule dada wa ofisi ya safari. Akauliza, "Bibi anapenda historia?" Shangazi akajibu, "Nimo."

Alikaa siti ya mbele njia nzima, mkoba mapajani, hakutazama nje hata mara moja. Getini Mama alikuwa akitugusa mabega. Alipofika kwangu mkono ukabaki hewani. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, kisha hakujua tena amefika ngapi. Hakunikumbatia. Alinishika vidole, kimoja kimoja, mbele ya watu wote, na dereva akageuka upande.

Nyuma yangu alikuwa Shangazi.

Mama akasema, "Afande."

Shangazi akasema, "Nimechelewa."

"Ingieni," Mama akasema. "Watu wamelipia."

Kijino, akatuzungusha kama kawaida. Jikoni, uwanjani, chumba cha adhabu. Tulipofika chumba cha tisa alisimulia mpaka kwenye ile saini, akaishia hapo. Nikadhani ameshindwa. Ndipo Shangazi akainuka kwenye benchi, akashika ukuta, akaelekeza kidole kwenye picha. "Huyo ni mimi," akasema. Akawaeleza watu kumi na wanne asiowajua kwamba barua tatu zilikuja naye akazichoma. Aliwaeleza kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia nimnunulie sabuni.

Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa naye akavuta mkoba wake, akahama benchi. Mama akamwambia, "Rudi ukae. Hayo si yako."

Wakati wa chakula wale wengine walikwenda chini ya kibanda. Sisi watatu tulibaki mle ndani. Nilingoja kilio, nilingoja kofi. Mama akakaa mkabala na Shangazi, magoti karibu yagusane, akasema, "Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe. Lakini hakuna mwingine wa kumwuliza." Halafu akaanza. Mdogo aliacha kunyonya kidole lini? Alikuwa akilia akienda shule? Nani alimsuka? Aliwahi kuugua sana?

Shangazi akajibu yote, Kijino. Surua ulipata ukiwa na miaka minne, siku kumi na moja, ukakataa uji mpaka utiwe ndimu. Shule ulilia wiki moja, na wiki ya pili ukalia ulipoambiwa ni Jumamosi. Nywele hukupenda kushikwa, ulisukwa ukiwa usingizini. Mambo ambayo hata mimi niliyekuwepo sikuyajua. Mama alikuwa akifumba macho kila jibu likifika, anatikisa kichwa polepole, anauliza jingine. Akanigeukia na mimi, akauliza yangu. Niliona haya kama mtoto, mwanamke wa miaka arobaini na tisa.

Basi lilitungoja karibu saa nzima. Dereva alikuja mlangoni, akatutazama, akarudi kwenye basi.

Swali la mwisho, Mama alisimama kwanza. Akauliza, "Mdogo ni mtu mwenye furaha?"

Shangazi alifikiri sana. Akasema, "Hilo silijui. Muulize mwenyewe."

Sisi tunarudi leo mchana. Shangazi ameniambia nisikuandikie chochote cha kumwombea, na sikuandikii. Nakuandikia jambo moja tu. Mama ameshaniuliza ni siku gani huendi kazini. Nikamwambia Jumamosi. Akasema Jumamosi ijayo basi la pili atamwachia mwenzake.

Tiketi yako ya siku hiyo iko ndani ya bahasha hii. Ni siti ya dirishani.

Dada yako